Majira ya Kumpeleka Mama Mlimani

Mwenye kuwamba ngoma haivuti ngozi kuelekea kwa jirani. Huivuta kwake, akaikaza pale mikono yake inapofika. Ndivyo tulivyo wanadamu: mtu akikabidhiwa jambo la mwenziwe alipange, hata kama mwenziwe huyo ni mama yake mzazi, atalivuta taratibu mpaka lilale upande wake, na ukimuuliza ataapa kwa mbingu na ardhi kwamba hakuvuta. Watu huisema methali hii huku wakichekelea, kana kwamba kujipendelea ni utani wa kupitishia wakati. Ndugu wanne wa kisa hiki hawakubakiwa na cha kuchekelea.

Masika yalikuwa yamepamba moto. Katika kliniki ya macho, kwenye benchi lililokuwa likilowa upande mmoja kwa mvua iliyopenya dirishani, aliketi mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa mshonaji, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata ndugu zake wa tumbo moja hawakumwita jingine. Ubavuni pake alikaa mama yake, kikongwe mwembamba mwenye ulimi mkali, ambaye tangu afiwe na mumewe alikuwa akiishi kwake. Walipoitwa ndani, daktari hakuzungushazungusha maneno.

"Presha ya macho haina huruma, mama," alisema. "Jicho la kulia limeshakwenda. La kushoto limebaki na sehemu ndogo ya katikati, unaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Matone haya yatachelewesha tu. Hayatarudisha kilichopotea."

"Yatachelewesha muda gani?" aliuliza mama mwenyewe, kabla Fundi hajafungua kinywa.

"Miezi sita. Ikizidi hapo, mshukuru Mungu."

Walisimama ukumbini kungoja mvua ipungue. Mama alikuwa ameshikilia chupa ya matone kama mtu aliyepewa kitu asichokiomba. Kisha akasema, "Nataka kuuona mlima."

Hakuhitaji kueleza ni mlima gani. Alizaliwa chini ya mlima huo, na mpaka siku aliyoolewa akiwa na miaka kumi na tisa hakuwahi kufungua mlango asubuhi asiukute mbele yake. Akateremka na mumewe kuja mjini, akazaa, akalea, akazika, na sasa ilikuwa imepita miaka zaidi ya thelathini hajarudi huko. Mdogo wake wa kike alikuwa bado anaishi katika nyumba ya wazazi wao.

"Twende hata kesho, mwanangu," aliongeza mama. "Mimi sina cha kupanga. Nguo zangu zote zinaenea kwenye kikapu."

"Kesho!" Fundi alishtuka. "Mama, na mvua hii? Barabara ya huko ni tope tupu, na kifua chako unakijua mwenyewe. Unataka nimonia ikuwahi kabla ya macho? Tulia, tutapanga vizuri. Tutachagua majira mazuri, uende uone kwa raha zako."

Mama alimgeuzia lile jicho la kushoto, akamtazama kitambo. "Haya," akasema.

Nyumbani, Fundi aliandaa chakula, akamtia mama matone, kisha akaketi kwenye cherehani yake. Kulikuwa na sare mia nne za shule mpya iliyokuwa ifunguliwe mwisho wa mwezi. Kola peke yake zilijaza kapu zima. Alishona mpaka mgongo ukamuuma, na muda wote huo moyo wake ulikuwa mzito kwa huruma ya mama.

Jumapili iliyofuata aliwaita ndugu zake. Walikutana sebuleni kwa Fundi, chumba ambacho ndicho kilichokuwa karakana yake: meza ya kukatia katikati, pasi juu ya sinia, mabunda ya vitambaa yakiwa yamekalia viti ambavyo wageni walipaswa kukalia. Wa kwanza kufika alikuwa kaka yao mkubwa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye hata nyumbani aliitwa Mwalimu Mkuu na kuonekana kulipenda jina hilo. Aliondoa bunda kwenye kiti pekee chenye mikono, akakaa, akatoa karatasi tatu kwenye jalada la plastiki.

"Nimefanya utafiti," alitangaza, kama anayefungua kikao cha walimu. "Nimechapisha kutoka kwenye mtandao. Sikilizeni. 'Majira bora ya kuzuru nyanda za milimani ni kipupwe. Hali ya hewa ni tulivu na njia hupitika.' Kwa hiyo tunakwenda kipupwe."

"Kipupwe ndipo shule zinapofungwa," alisema Fundi.

"Imesadifu tu hivyo."

"Hayo ni ya watalii wanaopanda na fimbo mbili mkononi," alidakia wa pili wao, dereva na mwenye lori, jitu la miraba minne ambalo watu waliliita Tani Saba. "Mama hapandi mlima, anautazama. Mtu anayeijua ile njia ni mimi. Nendeni kiangazi! Barabara imekauka, lori linateleza kama limepakwa mafuta, na mama anakaa mbele na mimi kama malkia."

"Kiangazi si ndipo wanapovuna viazi?" aliuliza kitindamimba wao, msichana aliyekuwa akiuza magauni kupitia simu na ambaye hakuiweka simu hiyo chini tangu aingie.

"Viazi vimeingiaje hapa?" Tani Saba alikuja juu. "Vikiwepo vipo! Au nyinyi mnataka niende mtupu nirudi mtupu? Mimi nimekuwa upepo?"

"Mimi nasema vuli," alisema Kitindamimba bila kuinua uso. "Maua yote ya huko yanafunguka vuli. Mama tunamvika lile gauni la zambarau, nyuma yake maua, nyuma ya maua mlima. Jamani, itakuwa kumbukumbu ya ajabu."

"Kumbukumbu ya nani?" aliuliza Fundi. "Ya mama anayepofuka, au ya wateja wako wanaotaka kuliona gauni?"

"Dada, usinianze."

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo karibu na mlango. "Mimi nilipokuwa msichana," alianza, "mlima tulikuwa tunauona zaidi wakati wa..."

"Subiri kidogo, mama," alisema Mwalimu Mkuu akiinua kiganja. "Tunapanga mambo yako."

Baadaye kidogo alijaribu tena, simu ya Tani Saba ikaita, na sauti ya jitu lile ikajaza chumba. Hakujaribu mara ya tatu. Aliinama akawa anaokota vipande vya uzi vilivyonata kwenye gauni lake, kimoja kimoja, kwa kupapasa.

Mabishano yalichukua saa nzima. Mwalimu Mkuu alimwambia Tani Saba kwamba kichwa chake kimejaa viazi. Tani Saba naye akamwambia Mwalimu Mkuu kwamba hajawahi kufundisha mtoto akaelewa, seuze yeye mwenyewe. Kitindamimba akasema wote wawili ni washamba. Hapo ndipo Fundi alipopandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Alichukua mkasi wake mkubwa wa kukatia akaupiga juu ya meza, sindano zikaruka.

"Basi!" alifoka. "Hivi nyie mnampangia mama au mnajipangia wenyewe? Huyu likizo, huyu viazi, huyu maua! Hakuna hata mmoja aliyeuliza mama atakula nini njiani, atalala wapi, kifua chake kitavumilia vipi. Mimi ndiye ninayemwogesha! Mimi ndiye ninayemtia matone! Kama hamna haya, mwogopeni basi Mungu!"

Kikao kilivunjika. Mwalimu Mkuu aliondoka akisema hajawahi kukosewa heshima kiasi kile. Fundi alifunga mlango nyuma yao, akashusha pumzi, akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa ameghadhibika, lakini lazima isemwe pia kwamba ghadhabu ya mtu anayejiona ana haki ina utamu wake, na Fundi aliumung'unya utamu huo siku nyingi.

Masika yakapita. Sare zikaisha, zikapelekwa. Kipupwe kikaingia, na shule zikafungwa. Mwalimu Mkuu akapiga simu kusema kwamba ameitwa kwenye semina ya walimu wakuu, itakayokula wiki mbili za mwanzo, lakini wiki ya mwisho ya likizo angeweza kwenda.

Wiki ya mwisho! Fundi aliitazama meza yake. Hospitali ilikuwa imempa kazi ya kushona magauni ya wodi ya wazazi, na vipande vyake vilikuwa vimekatwa tayari, vimerundikwa kufikia usawa wa kifua.

"Wiki ya mwisho baridi ya huko inaua wazee," alimwambia kaka yake. "Ungesema wiki ya kwanza ningekuelewa. Wewe semina kwanza, mama baadaye! Na unajiita mtoto wa kwanza?" Akakata simu.

"Nani anauawa na baridi?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Wewe, mama."

"Mimi nimezaliwa kwenye baridi hiyo."

"Ulikuwa mtoto, damu ilikuwa inachemka. Lala upumzike."

Wakati huo lile tundu la ufunguo lilikuwa likizidi kuwa finyu. Mama alianza kumimina chai nje ya kikombe. Akajigonga kwenye fremu ya mlango aliyopita miaka saba, akavimba paji la uso. Alizoea kutembea akiwa ametanguliza kiganja mbele, kama mtu anayemkataza mwingine asimsogelee. Kisha siku moja saa sita mchana, jua likiwa limejaa dirishani, akamuuliza Fundi, "Umeme umekatika?"

Fundi alitoka nje akaenda nyuma ya nyumba, akaegemea ukuta, akalia kwa hasira. Alipomaliza kulia alichukua simu. Aliwapigia ndugu zake mmoja baada ya mwingine, na siku hiyo hakuchagua maneno. Alimwambia Mwalimu Mkuu azitafune karatasi zake. Alimwambia Tani Saba kwamba Mungu angemuuliza kuhusu mama yake, si kuhusu magunia. Alimwita Kitindamimba kiumbe kisicho na moyo. "Mama anapofuka nikimwangalia," alisema mara tatu kwa watu watatu, "na nyinyi kila mmoja anavutia kwake! Tunakwenda kiangazi hiki, Jumatatu ya wiki ijayo. Anga iko wazi, njia kavu, kifua chake kiko salama. Asiyetaka abaki!"

Hakuna aliyethubutu kubisha. Tani Saba alifurahi kimoyomoyo, maana viazi vilikuwa vimeshaanza kutoka. Mwalimu Mkuu aliomba ruhusa ya siku tano huku akinung'unika. Magauni ya wodi ya wazazi yalipokelewa hospitali siku ya Ijumaa.

Jumatatu hiyo mama alipanda lori, akaketi katikati ya Fundi na Tani Saba, kikapu chake miguuni. Mwalimu Mkuu na Kitindamimba walitangulia kwa basi. Mama alikuwa mchangamfu kuliko alivyokuwa kwa miezi mingi. Alimkosoa Tani Saba namna anavyobadilisha gia, akamuuliza Fundi kama amefunga dirisha la jikoni, akaimba kidogo. Jua lilipoanza kuinama na barabara kuanza kupanda, akanyamaza ghafla, akanusa.

"Moshi," alisema.

"Wanachoma mashamba," alijibu Tani Saba. "Wanasafisha kabla ya kulima."

Mama hakusema neno jingine mpaka walipofika.

Nyumba ya wazazi wake ilikuwa na ukumbi mrefu wa saruji uliotazama upande mmoja tu, ule wa mlima. Walipoteremka kwenye lori, wote waligeukia huko. Hakukuwa na mlima. Kulikuwa na mbingu nyeupe yenye ukungu wa vumbi na moshi, kama maji yaliyooshewa mchele, kutoka juu ya mashamba ya jirani mpaka utosini. Kitindamimba, aliyefika saa mbili kabla yao, alikuwa tayari anatafuta pembe nyingine ya kupigia picha.

Mama mdogo alitoka ndani akifuta mikono. Alimkumbatia dada yake kwa muda mrefu, wakalia wote wawili, wakacheka, wakalia tena. Ndipo alipoambiwa kilichowaleta.

"Kuutazama mlima? Sasa hivi?" Aliwatazama mmoja mmoja kama watu waliokwenda harusini wiki moja baada ya harusi. "Ebo! Nani kawaroga? Kiangazi mlima hauonekani! Vumbi na moshi, wiki tatu, wiki nne, sisi wenyewe tunausahau. Mlima unaogeshwa na mvua, nyie! Masika, mvua ikikatika alfajiri, ukifungua mlango unaona mpaka mistari ya theluji. Hata mtoto wa hapa anajua."

"Lakini mtandaoni wameandika kipupwe..." alianza Mwalimu Mkuu.

"Huyo aliyeandika anaishi hapa?"

Mwalimu Mkuu alikunja karatasi zake. Fundi alitaka kumfokea kaka yake, akajizuia kwa ajili ya mama mdogo.

Walingoja. Siku ya kwanza mbingu haikubadilika. Siku ya pili Tani Saba alikwenda kupakia viazi, na lori likarudi limeketi chini kwa uzito. Mama alikaa ukumbini kwenye kigoda kuanzia asubuhi mpaka jua lilipozama, uso ameuelekeza palepale mlima ulipopaswa kuwa. Hakukosea upande hata kidogo. Watu walipita, wakamsalimia, akawajibu bila kugeuka.

Siku ya tatu asubuhi upepo ulivuma kutoka upande mwingine. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita barabarani na kuni kichwani alisimama akapiga ukelele. Wote walikimbilia nje. Juu kabisa, mahali ambapo hakuna aliyedhani pa kutazama, utando ulikuwa umepasuka, na kilele kilikuwa kimetoka peke yake, cheupe, kikubwa, kimening'inia bila kushikwa na kitu.

"Ule pale!" alipiga kelele Kitindamimba. "Mama, ule pale!"

Mama alisimama kwa haraka ambayo hawakuwa wameiona kwake tangu baba yao afariki. "Wapi?"

"Mbele yako, mama!"

"Wapi?"

Fundi alimjia kwa nyuma, akakishika kichwa cha mama yake kwa viganja viwili, akakielekeza polepole. "Inua uso. Juu zaidi. Kushoto kidogo. Hapo. Hapo hapo, mama. Umekiona?"

Mama alikodoa. Fundi aliisikia mishipa ya shingo yake ikikakamaa mikononi mwake.

"Naona weupe," alisema mama.

"Ndiyo, mama! Ndiyo theluji yenyewe!"

Mama akaugeuza uso wake mwenyewe, akaelekea ukuta wa nyumba, uliopakwa chokaa ya bluu.

"Na huku naona weupe ule ule," akasema. Akapapasa kigoda, akakaa.

Utando ulijifunga kabla hata Kitindamimba hajapata picha. Halafu Fundi akalipuka. Alisahau kwamba yuko ugenini, akasahau majirani waliosimama barabarani. Alimgeukia Mwalimu Mkuu, akamwambia kwamba semina yake imempofusha mama. Alimgeukia Tani Saba, akalionyesha lori kwa kidole, akamwambia ayapeleke macho ya mama sokoni pamoja na viazi, maana bei yake ni moja. Alimgeukia Kitindamimba, ambaye tayari alikuwa analia, akamwambia anyamaze, machozi ya mamba hayaoshi mtu.

"Miezi sita!" alipiga kelele. "Miezi sita nawabembeleza! Kila mmoja wenu alikuwa anavuta kwake, kwake, kwake! Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nafikiria mama!"

"Nyamaza na wewe," alisema mama.

Hakupaza sauti, lakini Fundi alinyamaza kama aliyezabwa kofi.

"Hawa nawajua," mama aliendelea, uso ungali kwenye ukuta. "Hawa walivuta waziwazi. Kaka yako alitaka likizo, akasema likizo. Yule alitaka viazi. Wewe je? Siku ile tulipotoka kwa daktari nilikwambia twende hata kesho. Ilikuwa masika. Nilikuwa nauona uso wako. Ukaniambia tope, ukaniambia nimonia. Mimi kifua kiliniuma mara ya mwisho lini? Hebu sema, wewe unayeniogesha. Lini?"

Fundi hakukumbuka.

"Nilikusikia ukishona. Usiku na mchana, sare mia nne, nilizihesabu kwa masikio. Kipupwe nacho kikaja na magauni ya hospitali, na baridi ikaanza kuua wazee. Magauni yakaisha Ijumaa, Jumatatu tukaondoka. Mimi ni kipofu, Fundi, si mjinga. Ungeniambia tu, 'Mama, nina kazi, tusubiri.' Ningekwambia shona, mwanangu, maana kazi yako ndiyo inayonilisha. Lakini ulichukua kifua changu ukakifanya kisingizio, ukajifunga kibwebwe ukawatukana wenzako kwa jina langu. Hilo ndilo linaloniuma. Na nilipotaka kuwaambieni kwamba mlima huonekana masika, nikaambiwa nisubiri, mnapanga mambo yangu."

Fundi alitaka kusema kwamba ile shule ilikuwa mteja mkubwa, kwamba hakukusudia, kwamba kweli kabisa aliogopa tope. Na kweli aliogopa. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa: kwamba alikuwa ameuamini uongo wake mwenyewe kwa moyo safi, miezi sita mizima, na hasira yake yote tamu ilikuwa imesimama juu ya uongo huo.

"Mama," alisema mwishowe, "sasa unataka nini?"

Mama alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Loo! Ndiyo mara ya kwanza mnaniuliza. Nataka kubaki hapa."

"Hapa?"

"Hapa kwa mdogo wangu. Hapa sihitaji macho. Mlango uko kule, kisima kule, choo nyuma ya ile miti mitatu. Kwako, mwanangu, nahesabu hatua kama mfungwa."

Ndugu wote waliongea kwa pamoja. "Watu watatuelewaje?" aliuliza Mwalimu Mkuu. "Mwalimu mkuu mzima, mama yake katupwa kijijini?" Tani Saba alisema halina neno, yeye angepita kumwona kila msimu wa viazi. Kitindamimba alisema basi angalau wapige picha moja ya pamoja.

Fundi naye alikuwa amefungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari ulimini: kliniki iko mbali, matone yatasahaulika, nani atamwogesha vizuri, mama mdogo mwenyewe mzee. Yote yalikuwa kweli. Lakini nyuma ya maneno hayo aliona kitanda kitupu chumbani kwake, akawaona majirani wakimuuliza amemwacha wapi, akajiona jioni anashona na hakuna mtu wa kumuuliza kama dirisha limefungwa. Alitambua kwamba alikuwa ameshaanza kuvuta tena, na safari hii aliuhisi mkono wake mwenyewe ukivuta. Akafunga kinywa.

Aliingia ndani, akaitoa chupa ya matone kwenye kikapu, akamfundisha mama mdogo: tone moja asubuhi, tone moja jioni, afunge jicho mpaka ahesabu sitini. Mama mdogo alirudia maagizo yale mara mbili. Fundi alirudi ukumbini akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Nisamehe, mama."

"Nimeudhika," alisema mama. "Nikimaliza kuudhika nitawaiteni. Nendeni."

Wakaenda. Kwenye lori Fundi alikaa karibu na dirisha, na ile nafasi ya katikati hakuna aliyeikalia. Magunia ya viazi yaligongana nyuma yao kwenye kila kona. Mlima haukuonekana, si mbele wala kwenye kioo cha pembeni. Baada ya mwendo mrefu Tani Saba alisafisha koo, akasema kwamba, ukweli usemwe, wangekuja tu masika.

Fundi alimgeukia, matusi yamempanda mpaka kwenye meno. Akayatafuta yale yanayomstahili kaka yake peke yake na yasimguse yeye, asiyapate hata moja. Akageukia dirisha. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngozi waliyoivuta wao wanne mpaka ikachanika ilikuwa mama yao.